Daftari limehama tawini: lini simu inatosha, na lini ufuate dirisha

Kila mwisho wa mwezi shangazi yangu huamka saa kumi alfajiri. Ni mwalimu mstaafu, anaishi kijijini nje kidogo ya Muheza, na pensheni yake huifuata Tanga mjini. Hupanda basi la kwanza ili afike tawini kabla foleni haijatoka nje ya mlango. Mkobani ana kitambulisho cha Taifa, kadi ya benki aliyoifunga kwa leso, chupa ya maji, na kitabu cha akiba ambacho hakuna keshia aliyekiandika tangu miaka ya tisini. Akishalipwa huomba karatasi ya salio, huikunja mara nne na kuichomeka katikati ya kile kitabu. Kitabu kimevimba kwa karatasi hizo.

Simu anayo, na benki ilishamwunganisha na huduma ya simu. Siku moja nilimwambia, "Shangazi, pensheni inaingia wewe uko zako nyumbani. Unajisumbua bure." Akaniangalia kidogo, akasema, "Baba, mashine ikikosea nitamwuliza nani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nilimjibu kijana anavyojibu, kwamba mashine haikosei, nikabadili mazungumzo. Baadaye nilikuja kukosea mimi mwenyewe, na nitaeleza ilivyokuwa, ndipo nikaona kwamba swali lake lina uzito kuliko mabishano yote tunayoyasikia kuhusu benki ya simu na benki ya dirishani. Mabishano hayo huwa ya ushabiki: huyu anasema tawi limepitwa na wakati, yule anasema mtandao ni wizi mtupu. Wote wawili wanachanganya mambo matatu ambayo zamani yalikaa chini ya paa moja na sasa kila moja lina makazi yake.

Leja, sura na noti

Turudi nyuma kidogo. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha benki binafsi na ikaanzishwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa Mtanzania wa Bara, kwenda benki kulimaanisha kwenda NBC. Akaunti yako ilikuwa mali ya tawi. Palikuwa na leja, jitabu kubwa lenye ukurasa wa jina lako, na palikuwa na kadi yenye sahihi yako. Ukienda kutoa fedha, karani anafungua leja aone kama unazo, analinganisha sahihi aone kama ni wewe, kisha keshia anahesabu noti. Ukisafiri kwenda Mwanza na akaunti yako iko Tanga, umeziacha fedha zako Tanga, kwa sababu leja iko Tanga.

Kwa hiyo tawi lilifanya kazi tatu: kutunza kumbukumbu ya unachomiliki, kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe, na kukupa au kupokea fedha taslimu. Mtu alipoingia mlangoni hakuhitaji kuzitofautisha, kwani zote zilimalizikia dirisha moja.

Sheria ya mwaka 1991 ilifungulia milango benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na humo ikazaliwa NMB, iliyorithi matawi mengi ya wilayani. Zikaja kompyuta, kwanza kila tawi na yake, kisha zikaunganishwa na makao makuu. Hapo ndipo jambo kubwa lilipotokea, nalo halikupigiwa tarumbeta: leja iliondoka tawini. Leo karani wa Tanga hana daftari lako. Anachokiona kwenye kioo chake ni kile kile unachokiona wewe kwenye simu, kinatoka kwenye kompyuta moja ya benki nzima. Bado utaulizwa "akaunti yako ni ya tawi gani?", lakini swali hilo ni masalia ya enzi ya leja. Fedha zako haziko Tanga wala Mwanza. Ni mstari katika daftari la benki unaosema benki inadaiwa na wewe kiasi fulani.

Ukilishika hilo, hofu moja inaondoka mara moja: ile ya kudhani kwamba fedha za "kwenye simu" ni tofauti na fedha za "benki kweli kweli". Kama ni akaunti ya benki, mstari ni ule ule. Simu ni dirisha jingine tu la kuutazama.

Ila hapo pana mkanganyiko mwingine wa kweli, na watu wengi wazima na elimu zao huuchanganya. Pesa ya simu, yaani M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa, haimo katika daftari la benki kwa jina lako. Mtandao wa simu huweka jumla ya fedha za wateja wake katika akaunti za amana kwenye benki, na wenyewe hutunza daftari la nani ana kiasi gani. Ndiyo maana mwaka 2014 Tigo Pesa iliweza kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha hizo zilizolala benki. Basi ukihamisha fedha kutoka M-Pesa kwenda akaunti yako ya benki, unahama kutoka daftari moja kwenda jingine, na daftari hizo mbili zina wenyewe wawili, namba mbili za kupiga ukipata tatizo, na makato mawili.

Fedha zinavyosafiri

Ukimtumia mtu mwenye akaunti katika benki yako hiyo hiyo, hakuna kinachosafiri. Kompyuta inapunguza mstari wako na kuongeza wake. Ndiyo maana ni papo hapo, hata usiku wa manane, hata Idi Mosi.

Akiwa benki nyingine, benki yako lazima iilipe benki yake. Malipo hayo hufanyika Benki Kuu, ambako kila benki ina akaunti yake. Tangu 2004 upo mfumo wa TISS, unaotumika zaidi kwa fedha nyingi: ada ya chuo, kiwanja, mzigo wa kutoka Kariakoo. TISS hufuata saa za kazi, kwa hiyo anayelipia kiwanja Ijumaa jioni asishangae kuambiwa Jumatatu. Kwa fedha za kawaida Benki Kuu ikaja kujenga TIPS, mfumo wa papo kwa papo unaounganisha benki na mitandao ya simu, nao haulali. Mtu anayejaza fomu ya kuhamisha fedha dirishani na mtu anayebonyeza kwenye programu mara nyingi wanatumia barabara ile ile. Tofauti ni nani anaandika zile tarakimu: karani au wewe. Shika neno hilo, nitalirudia.

Na kuna njia mbili za kuifikia akaunti kwa simu. Ya kwanza ni menyu ya nyota, zile *150* za kila benki na kila mtandao. Hii haihitaji bando wala simu janja, inapita kwenye mitambo ya kampuni ya simu, ndiyo maana inafanya kazi hata kwenye kitochi cha bibi. Ya pili ni programu ya benki, inayopita kwenye intaneti na kufunga ujumbe wake kwa maandishi ya siri tangu kwenye simu hadi kwenye kompyuta ya benki. Kwa usalama wa kiufundi programu ni imara zaidi, mradi umeipakua kwenye duka rasmi la programu na si kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Kwa kufika mahali pasipo intaneti, nyota inashinda.

Dirisha la tatu: kwa wakala

Watu wakilinganisha mtandao na tawi huisahau meza ya wakala, ingawa Mtanzania wa kawaida hufika pale mara nyingi kuliko tawini. Kenya ilitutangulia kuruhusu benki kutumia mawakala, mwaka 2010. Benki Kuu yetu ilitoa mwongozo wake mwaka 2013. Leo duka la vipodozi, la pembejeo, la vocha, lote linaweza kuwa na bango la benki nne.

Elewa kinachotokea pale, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Ukimpa wakala shilingi 200,000 uweke akaunti, wakala hazipeleki benki. Noti zile zinakuwa zake. Yeye ana akaunti benki yenye salio, wenyewe wanaliita floti, na mashine yake inatoa 200,000 kwenye floti yake na kuziingiza kwako. Mmebadilishana: yeye kachukua taslimu, wewe umechukua salio. Ukija kutoa, mnabadilishana kinyume. Ndiyo maana kuna siku anakwambia "sina floti" ingawa droo imejaa noti, na siku nyingine floti anayo na noti hana.

Sasa tazama kisa nilichokiona kwa macho yangu, kibanda kimoja karibu na stendi. Mtandao umekata. Mama mmoja wa samaki ana 350,000 kwenye kanga, basi lake linaondoka. Wakala anamwambia kwa upole, "Niachie, mtandao ukirudi nitakuwekea." Akamwachia, na akaandikiwa kikaratasi. Sina shaka na yule wakala, huenda aliziweka dakika kumi baadaye. Lakini kwa hizo dakika kumi yule mama hakuwa na fedha benki. Alimkopesha jirani 350,000 bila shahidi. Benki haimdai wala haimjui. Fedha huwa zimewekwa pale tu ujumbe wa benki yako unapoingia kwenye simu yako, wenye kiasi na salio jipya. Risiti ya mashine ni nzuri, iombe na uitunze, lakini kikaratasi cha kalamu si muamala.

Na jambo la pili, ambalo linaniuma kila nikiliona: mzee anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti, kijana anaibonyeza, watu wanne kwenye foleni wanasikia. Wakala mwema atageuza mashine na kutazama pembeni. Tarakimu zile nne ni ile sahihi ya zamani iliyolindwa kwenye kadi tawini. Ukimtajia mtu umempa mkono wako asaini.

Namba ya simu ndiyo sura yako

Karani wa zamani alikujua kwa sura na sahihi. Kompyuta haikujui sura. Inakujua kwa vitu viwili: laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na namba ya siri unayoijua wewe. Ndiyo maana wezi wa siku hizi hawahangaiki na kuta za benki. Wanahangaika na vitu hivyo viwili.

Njia yao ya kwanza haigusi teknolojia hata kidogo. Ni ule ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupokea: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litatokea fulani." Unatumwa ovyo kwa maelfu ya watu, na unamnasa aliyekuwa kweli anadaiwa kodi ya nyumba wiki hiyo. Benki haikuvunjwa, mwenye fedha katuma mwenyewe kwa mkono wake, na kwa sheria za benki huo ni muamala halali mpaka uthibitike vinginevyo. Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Njia ya pili ni mbaya zaidi. Mwizi anakusanya majina yako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, kisha anaibadili laini yako ikawa kwenye kadi aliyonayo yeye. Kuanzia hapo ujumbe wa uthibitisho kutoka benki unakwenda kwake. Wewe dalili unayoiona ni moja tu, nayo watu huipuuza: simu yako inakosa mtandao ghafla wakati jirani yako wa kampuni ile ile anaongea vizuri. Usiizime na kuiwasha mara tano ukingoja. Azima simu, piga benki wafunge akaunti, kisha piga kampuni ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole umeipunguza njia hii, haujaiziba. Bonyeza *106# uone ni namba gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ifuate siku hiyo hiyo.

Kuna hatari ya tatu isiyo na mwizi ndani yake. Ukiacha laini bila kuitumia miezi kadhaa, kampuni huifunga na baadaye kumpa mteja mwingine. Kama benki bado inakujua kwa namba hiyo, ujumbe wako wa salio utakuwa unaingia kwenye simu ya mgeni. Na hapa ndipo tawi linapopata thamani yake: benki makini haikubali kubadili namba yako ya simu kwa kupigiwa tu. Inakutaka ufike, na kitambulisho, na kidole chako. Usumbufu huo usiukasirikie. Kama ungeweza kubadili ufunguo bila kuonekana, mwizi naye angeweza.

Nilipokosea mimi

Nililipa kodi ya nyumba, shilingi 480,000, kwa programu ya benki yangu, saa nne usiku, macho mazito. Nilibadilisha tarakimu mbili za namba ya akaunti. Programu ilinionyesha jina la mpokeaji kabla sijathibitisha. Halikuwa jina la mwenye nyumba. Sikulisoma, nikabonyeza.

Nilipiga huduma kwa wateja usiku ule. Sauti ya mashine, kisha muziki, kisha kijana aliyenipa namba ya malalamiko na kuniambia nitapigiwa. Siku tatu sikupigiwa. Siku ya nne nikaenda tawini. Dada wa dawati la huduma alinipa fomu, akaniuliza maswali, kisha akanieleza jambo ambalo hakuna menyu iliyokuwa imeniambia: benki haiwezi kuchomoa fedha kwenye akaunti ya mtu kwa sababu tu mimi nimesema nimekosea. Ingeweza hivyo, kila aliyenunua mbuzi angerudi jioni kusema alikosea. Wanaloweza ni kuzuia kiasi hicho kama bado kipo, kumtafuta mpokeaji, na kumwomba ridhaa. Akikataa, njia iliyobaki ni polisi na mahakama.

Yule dada alinyanyua simu mbele yangu. Mpokeaji, mtu nisiyemjua wa mkoa mwingine, alikuwa bado hajazigusa. Aliridhia. Zilirudi baada ya siku kumi na tisa.

Kwa hiyo, shangazi, jibu lako ni hili. Mashine kweli haikosei sana. Tunaokosea ni sisi tunaoandika tarakimu, na zamani aliyeziandika alikuwa karani, aliyesomewa na kukaguliwa na mwenzake. Kazi ile ya kukagua imehamia kwetu bila kutangazwa. Lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ndilo mkaguzi pekee aliyebaki. Na ukishakosea, unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kunyanyua simu. Huyo bado anakaa tawini. Asipokusikiliza, una haki ya kulalamika kwa maandishi kwenye benki yenyewe kwanza, kisha Benki Kuu, na kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Tunza namba ya muamala, tarehe na saa. Malalamiko yasiyo na namba ya muamala hayafiki mbali.

Mkopo unaokuja wenyewe

Kuhusu gharama sitakaa sana, kwa sababu hubadilika kila msimu. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, mwaka uliofuata ikaingia hadi benki, wananchi wakalalamika, ikapunguzwa hatua kwa hatua. Cha kudumu ni hiki: kutazama salio na kuhamisha fedha ndani ya benki moja kwa simu ni rahisi kuliko dirishani, na kila fedha inapogeuka kuwa noti, pale panakuwa na makato. Piga hesabu na ya nauli. Kwa shangazi, basi la kwenda na kurudi Tanga ni ghali kuliko makato yoyote ya wakala wa kijijini kwake.

Kwenye mikopo lakini ni lazima nisimame. Mkopo wa simu hauulizi chochote, unaingia kwa sekunde, na huo ndio mtego wake. Bei yake hutajwa kwa mwezi na huitwa ada, ilhali mkopo wa tawini hutajwa kwa mwaka na huitwa riba. Chukua mfano wa M-Shwari ya Kenya, iliyoanza mwaka 2012 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Kwa 100,000 ni 7,500, nani ataona ni nyingi? Lakini anayelipa na kukopa tena kila mwezi, kama wafanyavyo wenye biashara ndogo, mwisho wa mwaka amelipa 90,000 juu ya laki moja ile ile. Hakuna afisa mikopo wa tawi angethubutu kukuandikia asilimia 90 kwenye karatasi.

Na hizo ni za taasisi zenye leseni. Zipo programu ambazo zikishaingia kwenye simu zinasoma majina yote uliyoyahifadhi, na ukichelewa siku moja wanampigia mkweo na bosi wako kukutangaza. Kausha damu ya mtaani, ile mikopo ya riba ya kukamua, imeingia kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na idhini. Kabla ya kukubali mkopo wa simu, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Kwa mkopo wa kujenga, wa kununua bajaji, wa kitu chochote utakacholipa zaidi ya miezi mitatu, panda basi uende tawini, ukae mbele ya afisa, uombe akuandikie kwa mkono wake: nitachukua ngapi, nitarudisha ngapi kwa jumla.

Mwenye akaunti akiondoka

Jambo la mwisho watu hawapendi kuliongea. Baba anafariki, na mtoto mmoja anaijua namba yake ya siri, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimsaidia na simu. Msiba haujamalizika, anatoa fedha kidogo kidogo, za sanda, za chakula, za nauli za wageni. Nia yake njema. Miezi mitatu baadaye ndugu wanaomba taarifa ya akaunti, wanaona miamala kumi na minne iliyofanyika baada ya tarehe ya kifo, na ukoo unavunjika.

Mtu akifa, namba yake ya siri inakufa naye, hata kama kompyuta haijui. Fedha zile ni mirathi. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo, kikao cha ukoo chenye muhtasari wa maandishi, na kwenda mahakamani, kwa familia nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, ambako huteuliwa msimamizi wa mirathi. Benki hutaka barua ile ya uteuzi, na huitaka mezani, tawini. Hakuna nyota ya kubonyeza kwa jambo hili na nadhani haifai iwepo. Aliye hai anaweza kurahisisha: aandike mahali benki gani na gani ana akaunti. Zamani kitabu cha akiba kilikutwa sandukuni. Akaunti ya simu haiachi hata karatasi, na fedha za marehemu wengi zimelala benki kwa sababu hakuna anayejua zipo.

Kama hofu yako ni benki yenyewe kuanguka, hilo halihusiani na simu wala tawi. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mkupuo, zikiwemo za Njombe, Meru na Kagera, na zote zilikuwa na majengo na madirisha. Kinachomlinda mwenye akaunti ni Bodi ya Bima ya Amana. Kinga yake ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mteja katika benki moja, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 7,500,000. Mwenye zaidi ya hapo afikirie kugawa kwenye benki mbili.

Mwezi uliopita nilikwenda na shangazi. Safari hii hatukupanga foleni ya kutoa fedha. Tulikwenda dawati la huduma, akaweka kidole, wakakuta namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti yake ni ya laini aliyoipoteza sokoni miaka minne iliyopita. Ujumbe wote wa benki ulikuwa unakwenda huko. Ikabadilishwa, akachagua namba mpya ya siri huku mimi nimetazama ukutani, kisha nikamwonyesha anavyotazama salio. Alilisoma kwa sauti ndogo, tarakimu moja moja, akatoa kalamu na kuliandika kwenye kitabu chake cha akiba, chini ya mstari wa mwisho wa keshia, na tarehe.